Hesabu ya Waliolala Nsanda

Saa moja na dakika kumi asubuhi, zahanati ya angani namba saba ilitia nanga kwenye uwanja wa mpira wa Nsanda. Hakukuwa na mgonjwa aliyeisubiri.

Tabibu Leokadia Sangu aliteremka ngazi akiwa na barakoa, glavu na sanduku la vipimo vya damu. Alikuwa ameambiwa atarajie hali mbaya. Kwa mujibu wa taarifa aliyopewa kabla ya kuondoka kituoni, watu mia tatu na ishirini walilala Nsanda usiku uliotangulia, na zaidi ya mia mbili kati yao hawakuwa wameinuka vitandani kwa siku kadhaa. Joto lao lilikuwa nyuzi thelathini na tano, halipandi wala halishuki. Mizani, mfumo uliozigawa zahanati kumi na mbili za ukanda wa magharibi, ulikuwa umeandika neno moja pembeni ya takwimu hizo: malale.

Dhana hiyo haikuwa ya kipuuzi. Misitu ya upande huu ilikuwa makao ya mbung'o, waenezaji wa ugonjwa huo wa usingizi, tangu zamani. Wakati wa ukoloni watu waliondolewa humo kwa amri na kukusanywa katika makazi machache, ili wafyeke vichaka na wapimwe kwa urahisi. Ugonjwa ulipungua. Watu nao walipungua, na zaidi ya karne moja baadaye mtu bado aliweza kutembea kutwa nzima katika miombo bila kuona paa la nyumba.

Lakini uwanjani Leokadia aliona mbuzi watatu wamelala golini, na nyuma ya goli wanawake wawili wakitwanga muhogo katika kinu kimoja, mchi mmoja ukipanda mwingine ukishuka. Alivua barakoa. Kijiji chenye malale hakitwangi hivyo.

Aliyekuja kumpokea alikuwa mwenyekiti wa kitongoji, Mihayo Kapela, mrina asali wa miaka sitini hivi, mwenye kofia ya ukindu na vidole vilivyokomaa kwa kuumwa na nyuki. Walisalimiana kwa "mwangaluka" ya huko. Kisha Mihayo alikitazama chombo, puto lake la kijivu likiyumba juu ya uwanja, akauliza kama mgeni ni Mfipa, kama jina lilivyoonyesha. Leokadia alikubali.

"Zamani Wafipa mlikuja na ungo usiku," Mihayo alisema. "Siku hizi mnatua mchana kweupe, na nembo ya serikali ubavuni."

"Huu una leseni, mtani. Nionyeshe wagonjwa."

Mihayo alisema wagonjwa wapo, ila angependa aanze na mmoja. Leokadia alisema ataanza na hao mia mbili. Mihayo alitazama chini kidogo, kisha akasema kwamba kwa hao atahitaji wavu wa usoni.

*

Mtaa wa mashariki ulikuwa na nyumba thelathini na kitu za udongo na nyasi. Wenyewe walikuwa wamehama miaka mingi iliyopita, wengi wao kwenda machimboni Isense. Nyasi za mapaa zilikuwa mpya, lakini hakukuwa na njia iliyokanyagwa mbele ya mlango wowote, wala jivu, wala kuku. Katika kila ukuta wa nyuma palikuwa na matundu yaliyotobolewa kwa safu, kila moja la upana wa kidole gumba, na nyuki waliingia na kutoka.

Mihayo alipuliza moshi mlangoni, wakaingia. Ndani, mizinga ya magogo ilipangwa juu ya vichanja, kichwa kwa kichwa, kama vitanda vya wodi. Kila mzinga ulichongwa alama ya ukoo wa mwenyewe. Leokadia alipenyeza kipima joto katika mmoja, akasubiri, akasoma: thelathini na nne nukta nane. Alipima wa pili na wa tatu. Tofauti haikufika nusu nyuzi.

Hesabu ya Mizani ilitoka kwa Jicho lililokaa juu ya ukanda huo, nalo halikupiga picha za watu. Ilikuwa ndege isiyo na rubani, iliyoelea juu ya mawingu kwa nguvu ya jua na kusoma joto. Alfajiri, ardhi inapokuwa imepoa, mwili wa mtu aliyelala chini ya nyasi huacha doa hafifu la joto juu ya paa, na Jicho lilifunzwa kulitambua doa hilo, kulihesabu, na kuona kama linaondoka jua likichomoza. Kundi la nyuki lenye majana, yaani watoto wa nyuki, hutunza kiota chake karibu na joto la mwanadamu, usiku na mchana, masika na kiangazi. Waliolifunza Jicho hawakuwa wamewahi kulaza nyuki ndani ya nyumba.

Mihayo hakujaribu kukana. Alieleza wakiwa njiani kurudi, kwa utulivu wa mtu anayeeleza kazi yake. Mizinga ya kwanza waliiingiza katika nyumba hizo kwa sababu ya nyegere, mnyama anayevunja mizinga na kula asali, na moto wa nyika. Mwezi uliofuata zahanati ilikuja bila kuitwa, ikachanja watoto, ikakaa wiki mbili. Walipotoa mizinga, zahanati haikuonekana tena. Walipoirudisha mizinga, zahanati ikarudi. Baada ya hapo hakuhitaji mtu wa kumfafanulia.

Leokadia alimwuliza kama alijua kuwa ni udanganyifu. Mihayo alijibu kuwa hakumwambia mtu yeyote neno lolote la uongo. Alipanga mizinga yake, na mashine ikasema yenyewe.

"Ulikosea sehemu moja," Leokadia alisema. "Watu huamka asubuhi, mwenyekiti. Nyuki wako hawaamki. Mizani imeona watu mia mbili wamelala siku nzima, siku baada ya siku. Ndiyo maana nimeletwa na dawa za malale za kutosha wilaya."

Mihayo alisimama. Alifikiri, kisha akaanza kucheka, taratibu, mabega yakitikisika, hadi akalazimika kuvua kofia. Leokadia naye alicheka kidogo, ingawa hakuona sababu ya kulirekodi hilo.

*

Mgonjwa ambaye Mihayo alitaka aanze naye alikuwa bintiye. Nyamizi alikuwa ameketi kwenye kigoda kivulini, miguu imevimba, akichambua karanga. Mume wake alikuwa kambini msituni. Huo ulikuwa msimu wa kurina, na watu wazima wengi wa Nsanda walikuwa wametawanyika huko, familia moja hapa, nyingine kule, kila kambi mbali na nyingine ili nyuki wasigombanie maua. Waliobaki kijijini walikuwa tisini na wanne.

Leokadia alimpima kitandani ndani ya chombo. Presha ilikuwa 162 kwa 110. Aliacha robo saa ipite, akapima tena: 164 kwa 110. Mkojo ulikuwa na protini nyingi. Kichwa kilimwuma tangu juzi, na asubuhi hiyo alikuwa ameona vimulimuli. Kwa kipimo cha picha, mimba ilikuwa ya wiki thelathini na sita, na mtoto alikuwa mzima, kichwa chini.

Nyamizi alieleza historia yake bila kuhuzunika, kama mtu aliyekwisha kuieleza mara nyingi. Mimba ya kwanza alivimba hivyo hivyo. Walimfunga juu ya baiskeli kumpeleka Isense, ambako zahanati ilikuwa imetua, mwendo wa siku mbili. Degedege lilimshika njiani. Aliamka siku ya tatu, na mtoto hakuwapo.

"Safari hii baba alisema ataleta tiba hapa hapa," alisema. "Kila tumbo langu lilipoongezeka, naye akaongeza mizinga. Nilimwambia, baba, utazidisha. Mwanaume akishika hesabu, haachi."

Leokadia alimchoma sindano ya kushusha presha, akamwekea dripu ya magnesiamu ya kuzuia degedege, na kumwambia alale ubavu wa kushoto. Kisha alitoka nje, akafunga mlango wa chombo, na kuketi kwenye ngazi.

Mambo aliyoyajua kwa hakika yalikuwa machache. Zahanati ilipaswa kukaa pale tu ambapo watu mia mbili na hamsini au zaidi walilala ndani ya mwendo wa saa moja kwa miguu. Chini ya hapo, Mizani ilihesabu kuwa saa ya tabibu inapotea. Kanuni hiyo haikutungwa na wajinga. Mahali penye watu wengi, tabibu mmoja huona wagonjwa arobaini kwa siku. Mahali kama Nsanda huona sita, na siku nyingine hakuna. Zahanati zilikuwa kumi na mbili, na vijiji vilivyozihitaji vilikuwa mamia. Isense, yenye wachimbaji elfu nne, ndiyo iliyofuata kwenye zamu, na ilikuwa imerukwa kwa sababu ya malale ambayo hayakuwapo.

Aliruhusiwa siku tatu za kuthibitisha hesabu kwa macho. Akinyamaza siku hizo tatu, hakuna atakayemlaumu. Akiandika "nyuki" sasa, Mizani ingetoa amri ya kuondoka papo hapo. Nyamizi asingeweza kubebwa. Chombo kinapopaa, chumba cha upasuaji hukunjwa na umeme wote huenda kwenye mapangaboi, na upepo wa msimu huo ulikuwa wa mbele. Degedege likimshika angani, tabibu angekuwa na tochi na mikono yake miwili.

Palikuwa na njia ya tatu, na ndiyo iliyomsumbua. Chombo hakihamishwi uzazi au upasuaji ukiwa umekwisha kuanza, mpaka siku nzima ipite baada yake. Angeweza kumpa Nyamizi dawa ya kuanzisha uchungu kwanza, halafu ndiyo aandike kuhusu nyuki. Ila akifanya hivyo, hakuna mtu, hata yeye mwenyewe, ambaye angeweza kusema kama dawa ile ilitolewa kwa ajili ya mama au kwa ajili ya kukifunga chombo ardhini.

Mihayo alikuja akaketi ngazi ya chini yake. Alijua anachofikiri, na alimwomba jambo dogo: aandike kwamba bado anachunguza. Si uongo. Mizinga ni mingi, na uchunguzi wa kila mmoja ungeweza kuchukua siku tatu.

"Nitaandika nyuki," Leokadia alisema.

"Ukiandika nyuki, Nsanda hatuonekani tena. Nani atatujia kwa watu tisini?"

"Sijui. Lakini machimboni kuna mtu anayesubiri zamu yake, na simjui, na wewe humjui. Nikificha nyuki wako, nimemwondoa yeye kwenye foleni bila kumwuliza."

Mihayo aliinua kofia, akaivaa tena, akabaki pale pale.

*

Mratibu wa zamu katika kituo alikuwa Daktari Oresta Kilasi, aliyewahi kufanya kazi ya uzazi miaka ishirini kabla ya kukalishwa mbele ya ramani. Leokadia alimpigia na kumwambia kwamba ana mambo mawili, na kwamba kwa makusudi atayataja moja baada ya jingine. Oresta alisema aendelee.

Alisoma: mama wa mimba ya pili, ya kwanza ilipotea kwa kifafa cha mimba, wiki thelathini na sita, presha mara mbili juu ya mia na sitini, protini, maumivu ya kichwa, vimulimuli. Hakutaja kijiji, wala idadi ya watu, wala zamu ya nani inafuata.

"Ungefanya nini?"

"Ningemzalisha leo," Oresta alisema. "Unauliza kitu unachokijua. Kuna nini?"

"Naomba uliandike jibu hilo, na saa yake."

Oresta aliandika. Ndipo Leokadia alipomweleza habari ya nyuki. Oresta aliuliza kama ni nyuki kweli kweli, wa kuuma, na Leokadia akasema ndiyo, na kwamba angetuma vipimo vya joto vya mizinga mitatu. Alituma. Akaandika pia hesabu sahihi: watu tisini na wanne. Katika nafasi ya maoni, ambayo Mizani haikuwa ikiisoma, aliongeza kwamba tiba iliyo karibu na watu hao iko mwendo wa siku mbili kwa miguu, na kwamba mfumo hauna mahali pa kuandika umbali.

Amri ya kuondoka ilitokea kwenye kioo kabla hajamaliza sentensi. Isense, mara moja.

Oresta alikuwa ameiona pia. Alisema ana mamlaka ya kuizuia kwa mgonjwa ambaye uamuzi wa tiba yake ulikwisha kutolewa, na uamuzi huo upo, na saa yake ipo. Lakini alitaka Leokadia ajue bei kabla ya wote wawili kutia jina. Asubuhi hiyo jiwe lilikuwa limeangukia mkono wa mchimbaji mmoja. Damu ilikuwa imezuiwa. Mkono wa mashine wa zahanati ungeweza kuunganisha mishipa kama ungefika jioni. Usipofika, angepelekwa kwa lori hospitali ya mkoa, na huko wangeokoa walichoweza.

Leokadia aliuliza kama maisha ya mchimbaji yako hatarini. Oresta alisema hapana, vidole tu. Aliuliza kama kuna zahanati nyingine iliyo karibu. Hakukuwa na nyingine.

"Vidole vya mtu, na maisha ya watu wawili," Oresta alisema. "Kwenye karatasi ni rahisi."

"Ni rahisi," Leokadia alikubali. "Andika jina lako, nami naandika langu."

Waliandika majina yote mawili. Amri ilisimamishwa. Leokadia alinawa, akaingia ndani, akamweleza Nyamizi kila kitu kwa mpangilio ule ule, pamoja na habari ya mchimbaji, kwa kuwa mgonjwa ana haki ya kujua tiba yake inatoka wapi. Nyamizi alisikiliza. Aliuliza kama mtu huyo ana watoto. Leokadia hakujua. Nyamizi alisema basi waanze, wasimpotezee mtu mkono wake bure.

*

Dawa ilifanya kazi polepole mchana kutwa. Presha ilishuka, ikapanda, ikashuka tena. Leokadia aliandika kila kipimo na kumfundisha Nyamizi kukisoma mwenyewe kwenye kioo, jambo lililomfurahisha. Kila namba ilipokuwa chini ya mia na hamsini aliitangaza kwa sauti, na wanawake waliokuwa nje chini ya puto walipiga vigelegele kana kwamba wanashangilia mpira. Mihayo alikataa kuingia. Alikwenda mtaa wa mashariki na kuanza kubomoa vichanja katika nyumba ya kwanza. Aliyemwuliza alijibiwa kwamba mizinga itarudi mitini, na nyegere atafukuzwa kama alivyofukuzwa na babu zao, kwa kuachiwa mzinga mmoja ashibe.

Jua lilipokuwa linazama mtoto alizaliwa, wa kike, kilo mbili na robo, akalia kabla ya kufutwa. Kondo la nyuma lilitoka lote. Damu iliyopotea ilikuwa ya kawaida. Leokadia aliendelea na magnesiamu kama kanuni inavyotaka, kwa sababu degedege linaweza kuja hata baada ya kuzaa. Halikuja.

Asubuhi Oresta alipiga simu. Mchimbaji alikuwa amefika hospitali ya mkoa. Alipoteza vidole viwili vya mkono wa kushoto, na vitatu vilibaki. Alikuwa na fahamu, na alikuwa ameomba chakula. Oresta alisema pia kwamba Mizani imeambiwa isiwahesabu tena wasioinuka. Juu ya umbali, alikuwa amepeleka maoni ya Leokadia kwa watu waliotunga kanuni. Walikiri kuyapokea, na hawakusema zaidi.

Leokadia alimpelekea Mihayo habari hizo mtaa wa mashariki, bila kupunguza. Mzee aliuliza mchimbaji anaitwa nani. Leokadia alimtajia: Gaspari Tenga, mtu wa miaka thelathini, mwenye watoto wawili. Mihayo alilirudia jina hilo mara mbili, polepole, kama anayelijaribu mdomoni. Kisha aliuliza kama ni kweli asali husaidia kidonda.

"Ikiwa safi, ndiyo. Mwachie daktari wake aamue."

"Nitampelekea ya mzinga wangu mwenyewe. Akiila pia ni sawa."

Alijaza kidumu, akafunga mdomo wake kwa nta, na kukikabidhi. Leokadia alikipima kwenye mizani ya chombo, kwa kuwa kila kilo ilihesabiwa angani, akatoa boksi moja la dawa za malale na kuliacha chini ili kidumu kipate nafasi.

Muda wa kukaa uliisha jioni ya siku hiyo. Presha ya Nyamizi, katika kipimo cha mwisho, ilikuwa 128 kwa 82. Mtoto alikuwa amenyonya mara saba. Leokadia alichomoa dripu, akambandika plasta, akampa vidonge na kumweleza namna ya kuvimeza. Alimwambia pia kwamba kichwa kikiuma tena asingoje, amtume mtu mlimani, kwenye redio ya mawasiliano ya kijiji, siku hiyo hiyo. Nyamizi alimwuliza ni nani atakayemjibu kwenye redio hiyo. Leokadia alimwandikia namba yake mwenyewe kwenye kadi ya mtoto.

Mumewe alikuwa amefika kutoka kambini na kusimama mguuni pa ngazi, bado ananuka moshi, akitaka kupanda kumbeba. Nyamizi alimwambia ampishe. Alishika reli kwa mkono mmoja, mtoto kifuani kwa mkono wa pili, akateremka ngazi zote kwa miguu yake, akasimama kwenye nyasi.